Waya Mahali pa Fyuzi

Jioni ile kwa Auleria, kule Goba mlimani, palikuwa pametulia. Yeye yuko barazani anapepeta mchele, na mama mkwe wake, Mama Koku, amelala sebuleni kwenye godoro chini ya dirisha, wanapiga soga za kwao Muleba. Mama Koku alivunjika nyonga akaletwa mjini kutibiwa. Kukaa aliweza, kusimama hakuweza. Walipendana hao wawili, na si nyumba nyingi utakuta mkwe na mkazamwana wanachekeana namna ile.

Sasa nisikilizeni, wenzangu, maana nyumba hii inafanana na zenu. Ilikuwa haijaisha. Walihamia hivyo hivyo kama wengi tunavyohamia, mlango wa nyuma umezibwa kwa matofali mpaka Mungu ajalie, madirisha yote nondo. Mlango ulikuwa mmoja tu, wa barazani. Na kwa kuwa vibaka wa mtaa ule hung'oa taa za magari, Leodegar, mume wa Auleria, aliliingiza gari lake mpaka barazani kila jioni, pua imeziba mlango, mtu anapita kiubavu. Mtaa mzima ndivyo ulivyofanya. Wezi waliogopwa kuliko moto.

Leodegar, karani wa ofisi moja mjini, hakuwa mlevi wala mhuni. Ugonjwa wake ulikuwa ujuaji. Taa za gari zilipoanza kufifia alinunua balbu kali kuliko gari lenyewe linavyostahimili, akazifunga mwenyewe, simu inamwelekeza. Fyuzi ikaungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua. Mwenye akili zake angejiuliza, hii fyuzi inauawa na nini? Kazi ya fyuzi ni kufa ili waya zipone. Yeye akachukua kipande cha waya wa shaba, akakichomeka mahali pa fyuzi. Taa zikawaka, akatembea mtaani kifua mbele.

Basi jioni ile aliporudi na kuegesha, Auleria aliweka ungo chini akanusa.

"Baba Hope," alisema, "gari linanuka plastiki inayoungua. Tumwite fundi alitazame."

"Fundi wa nini? Si nimetengeneza mwenyewe?"

"Mwanangu, hata mie naisikia huku ndani," akasema Mama Koku.

"Mama, wewe pumzika." Akamgeukia mkewe. "Na wewe, pua yako ni ya jikoni, ibaki huko huko. Nikikuta umegusa gari langu, unapanda basi unarudi kwenu."

Auleria akaokota ungo wake. Alimjua mumewe. Aliwahi kumrudisha kwao kwa kosa la kupoteza rimoti ya televisheni, na binti yao Hope akalala bila mama kwa miezi. Toka hapo Auleria aliishi nyumbani kwake kama mgeni.

Leodegar akamwita jirani yao, Fredrick, aje aone taa zilivyokuwa kali, zinamulika ukuta peupe. Fredrick akasifu, maana kusifu watu ni wepesi. Wakaondoka wote kwenda dukani kunywa soda, taa zikaachwa zinawaka na ufunguo mahali pake.

Auleria alikuwa uani na Hope wanaanua nguo harufu iliporudi, safari hii na moshi mwembamba juu ya boneti. Alikimbia. Akaushika mlango wa gari, akakumbuka lile basi, akauachia. Akapiga simu kwanza. Hapo, ndugu zangu, ndipo palipoharibika.

"Baba Hope, gari linatoa moshi. Nizime?"

Leodegar akaweka simu spika, watu wa dukani wasikie. "Msikieni huyu. Mama Hope, una hakika si moshi wa mkaa wako? Usiguse kitu." Wakaangua kicheko, akakata.

Alipoishusha simu sikioni, boneti ilikuwa inawaka. Moto ukadaka pazia la dirishani. Majirani walikuja na ndoo, na mchanga wa ujenzi, lakini gari lilishaziba mlango na hakuna aliyeweza kulisogelea. Wengine walipiga nondo kwa nyundo. Auleria alizishika zikiwa za moto akazivuta, ngozi ya viganja ikabaki pale. Mama Koku alikuwa anamwita yeye, si mwanawe. Aliita, akakohoa, akanyamaza.

Msibani ndugu wa mume waliuliza moto ulianzaje. Leodegar akasimama, analia machozi ya kweli.

"Nilimwachia mke wangu mama yangu," alisema. "Alikuwa pembeni ya gari, ufunguo uko ndani. Kwa nini hakuzima?"

Auleria, mikono imefungwa bandeji, akasema, "Nilikupigia. Ukaniambia nisiguse kitu."

"Lini?" akauliza Leodegar.

Auleria akamtazama Fredrick. Wote waliocheka dukani walikuwepo chini ya turubai lile. Fredrick akainamia sahani yake ya wali. Mfiwa hasutwi msibani, ndiyo heshima yetu, na kila mmoja akajificha ndani ya heshima hiyo. Wazee wa ukoo wakakata shauri palepale. Auleria akapandishwa basi la Bukoba, Hope akabakizwa kwa baba yake. Leodegar sasa ana gari jingine. Analiegesha pale pale.

FUNZO

Fyuzi ikiungua tena na tena, usishindane nayo kwa waya. Tafuta kinachoiua, na kama hukijui, sema hujui, hutapungukiwa kitu. Ukisikia harufu ya kuungua zima, ondoa watu, simu baadaye. Gari usilifanye mlango wa nyumba yako.

Na wewe mwanaume, mkeo akiogopa kugusa swichi ndani ya nyumba yake, ujue umeshamfunga mikono, na siku ya hatari utamtaka aitumie.

Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo mtupu. Huyu aliyeziba masikio ni mzima, anatembea, waliovunjika ni wengine. Mliocheka dukani mkanyamaza msibani mnajijua. Yule mtoto wa watu yuko Muleba, vidole havikunjiki, anaitwa muuaji. Nendeni mkaseme mlichokisikia.