Transiva Iliyoachwa Ndani ya Boksi

Boksi lilikuwa mahali pake, kufuli la kabati lilikuwa zima, na ndani ya boksi kulikuwa na kitu. Ila hakikuwa kile kilichotakiwa kuwemo.

"Tumeibiwa, afande," alisema Urbano, mhandisi wa kampuni ya Nyanda Mawasiliano.

Inspekta Gaudiosa aliinama juu ya meza. Ilikuwa Juni 2013, na baridi ya asubuhi pale Malangali, mjini Sumbawanga, ilikuwa ya kung'ata masikio. Ndani ya boksi aliona kidude cha chuma, ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa katika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Hiki ni nini?"

"Transiva. Inageuza umeme kuwa mwanga. Mwanga unasafiri ndani ya mkongo mpaka kituo kingine, na huko transiva nyingine inaugeuza tena kuwa umeme. Bila hii hakuna simu wala benki."

"Basi ipo."

"Hii ni kuukuu, afande. Iliyokuwemo ilikuwa mpya, akiba pekee ya mkoa mzima. Jana transiva ya njia ya Mbeya imekufa. Nimefungua kabati nichukue akiba, nikakuta hii. Mji umekaa saa sita bila mtandao!"

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Unaning'inia kwenye kibanda cha mlinzi. Ndiyo maana nimemkamatisha. Hawa watu wamekuja juzi na ng'ombe wao, mtu humjui..."

"Mhandisi," Gaudiosa alimkatiza, "niachie na mimi kidogo kazi ya kufanya."

Alikifunua kile kitambaa. Kidude kilikuwa kimefutwa vumbi, na matundu yake yamezibwa kwa vifuniko vidogo. Gaudiosa alikitazama muda mrefu. Alikuwa ameshika wezi kwa miaka kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuacha kitu mahali alipoiba, sembuse kukifunga vizuri.

Mlinzi, Mayunga, alikuwa mahabusu tangu jana jioni. Nje ya kituo cha polisi mkewe, Debora, alikaa kwenye ngazi na mtoto mgongoni na bakuli la ugali lililokwisha kupoa. Kesho asubuhi mumewe angepandishwa kizimbani, na mlinzi aliyeshitakiwa kwa wizi, hata akiachiwa, lindo halipati tena Sumbawanga nzima.

"Nani aliingia chumba cha mitambo mwezi huu?" Gaudiosa alimuuliza Mayunga.

"Hakuna mgeni, afande. Daftari la wageni ni jeupe."

"Sijauliza wageni. Nauliza nani aliingia."

"Wenyewe tu. Mhandisi. Mama wa usafi. Mzee Evaristi."

"Mzee Evaristi ni nani?"

"Fundi wa vituo vya nje. Ni baba yangu wa hapa mjini. Mtoto wangu alipougua yeye ndiye alitupeleka hospitali." Mayunga aliinua macho. "Afande, mimi transiva ningeipeleka wapi? Ningeifunga ng'ombe shingoni?"

Gaudiosa alijizuia asicheke. Alitoka, akapita kwa Debora, akamwambia aingize bakuli ndani hata kama si saa ya chakula. Kisha akarudi Malangali na kidude chake.

"Kimekufa?" alimuuliza Urbano.

"Bila shaka. Mwizi amekiokota kwenye takataka ili boksi lisiwe tupu."

"Kichomeke tuone."

Urbano alikichomeka kwa shingo upande. Taa ikawaka. Kwenye kompyuta zikajitokeza namba.

"Kumbe kinapumua," Gaudiosa alisema. "Hizi namba ni za nini?"

"Kila transiva inajipima afya, afande. Joto lake, nguvu ya mwanga inaoutoa, nguvu ya mwanga inaoupokea. Kila dakika tano inatuma vipimo."

"Na nani anavisoma?"

"Kompyuta. Kijani ni nzima. Nyekundu imekufa."

"Na mgonjwa?"

Urbano aliigeukia tena kompyuta. "Mgonjwa ni kijani."

"Kompyuta inaweza kukumbuka hiki kilikuwa kituo gani?"

Hilo Urbano hakuwa amelifikiria. Aliandika namba iliyochongwa ubavuni mwa kidude. Mstari ukajichora kwenye kioo: miezi minne ya mwanga unaoshuka kidogo kidogo na joto linalopanda. Ulikatika Jumatatu ya tarehe tatu Juni, saa tisa alasiri. Baada ya dakika kumi na mbili ulirudi, umenyooka juu kabisa.

"Ilemba," Urbano alisoma polepole. "Kituo cha bondeni. Fundi wake ni..."

"Mzee Evaristi," Gaudiosa alimalizia. "Na yuko wapi leo?"

"Ilemba. Yuko kwenye mzunguko wake tangu juzi."

Inspekta alikunja kile kitambaa cheupe, akakitia kwenye bahasha ya vielelezo. Yeye mwenyewe alizaliwa Ufipa. Mama yake alimfundisha kwamba bakuli la jirani halirudishwi tupu, hata kama una viazi viwili tu vya kutia. Mtu aliyefanya wizi huu alilelewa hivyo hivyo, na alishindwa kuacha boksi tupu. Angeliacha tupu, asingejulikana kamwe.

Koplo Romani aliendesha gari. Waliteremka kutoka uwanda wa juu kuelekea bonde la Rukwa, wakivua sweta moja baada ya nyingine. Kufika Ilemba, jasho lilikuwa limewalowesha kola.

Mzee Evaristi walimkuta chini ya mnara, ndani ya kibanda cha mitambo, akipangusa feni. Alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini na minane, na shati lake la kazi lilikuwa na jina la shirika la zamani la simu, lile la kabla kampuni hazijaja.

"Shikamoo mzee," alisema Gaudiosa. Uzee haufutwi na hati ya kukamata.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kuna joto, samahani."

"Transiva iliyomo humu ni mpya?"

"Ni mpya."

"Uliitoa wapi?"

Mzee aliweka kitambaa chini. "Kwenye boksi la akiba, Malangali. Tarehe tatu, saa nne asubuhi. Kesho yake nikarudi kuiweka ile kuukuu."

"Ufunguo?"

"Nilimwambia Mayunga ninahitaji koleo. Akaenda kunichemshia chai. Mara zote mbili hakuona kitu."

"Mayunga yuko ndani tangu jana. Kesho anapelekwa mahakamani kwa wizi wako."

Evaristi alikaa chini sakafuni. "Mayunga? Kwa nini Mayunga? Jina langu limo kwenye kile kidude! Wangekichomeka tu, wangejua ni mimi!"

"Hawakukichomeka."

"Enzi zetu tulipima kila siku," mzee alisema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Tukaandika. Kitu hakifi ghafla, mwanangu, kinakuaga mapema. Hawa wa kampuni wanangoja rangi nyekundu. Nimewaandikia mara saba kwamba ya Ilemba inakufa kwa joto. Wakanijibu akiba ni ya wateja wakubwa."

"Kwa hiyo ukaiba."

"Nikabadilisha."

"Mzee."

"Nikaiba," alikubali. "Kwa ajili ya zahanati. Ikifa hii, bonde zima halina simu. Mama akitokwa damu usiku, gari la wagonjwa litaitwa na nani?"

Lilikuwa jibu zuri, na lilikuwa la kweli. Lakini Gaudiosa alikuwa amezoea kusikia sauti ya mtu anayetanguliza ukweli mmoja ili kuficha mwingine.

"Vipimo uliviandika wapi?"

Evaristi alitoa daftari mkobani. Gaudiosa alilifungua. Upande wa kushoto kulikuwa na tarehe, joto, nguvu ya mwanga. Upande wa kulia, kwa mwandiko mdogo, kulikuwa na maneno. Kila kipimo kilichukuliwa saa kumi na mbili na nusu jioni.

*Sauti safi. Amecheka mara mbili.*

*Imekatika alipotaja jina la mtoto aliyezaliwa.*

*Nimesikia kikohozi. Sikusikia kama ametumia dawa.*

*Mwanga umeshuka tena. Amesema kitu mwishoni, sikukipata. Nimepiga mara tisa.*

"Huyu ni nani, mzee?"

Mzee alinyoosha mkono alichukue daftari lake. Nyuma ya Inspekta, Romani alikohoa. "Mapenzi ni kikohozi, afande. Hayafichiki."

"Marsiana," alisema Evaristi. "Mke wangu. Ni mkunga hapa zahanati. Alihamishiwa huku miaka kumi na moja iliyopita, mimi nikabaki mjini. Mara moja kwa mwezi nalala hapa usiku mmoja au miwili. Siku nyingine tuna simu tu." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nilisema ni zahanati. Zahanati ni kweli. Lakini ningekuwa muungwana ningengoja jibu la nane. Sikuweza kungoja. Kila siku nilikuwa nampoteza kidogo, na namba ninaziona kila jioni kwenye kompyuta ya mjini! Nimeiba kwa sababu nilitaka kumsikia mke wangu. Andika hivyo."

Gaudiosa aliandika hivyo. Haikuwa rahisi, maana herufi zilikuwa zikimchezea machoni.

"Afande," Romani aliuliza kwa sauti ya chini, "kielelezo tukichomoe?"

Inspekta alitazama taa ndogo ya kijani. Kisha akachukua simu yake, akampigia Urbano.

"Fungua ukurasa wa Ilemba. Nisomee namba ya transiva iliyomo sasa hivi."

Urbano alisoma. Gaudiosa aliilinganisha na karatasi za manunuzi alizopewa Malangali. "Ni mali yenu?"

"Ni yetu, afande." Kisha akaongeza: "Nimefungua na zile barua zake saba. Nilizisoma zote. Ilikuwa kijani."

"Utayasema hayo mahakamani."

"Nitayasema."

Gaudiosa aliandika kwamba kielelezo kimetambuliwa na mwenye mali kikiwa kinafanya kazi, na kimeachwa chini ya uangalizi wake mwenyewe. Akapiga kituo cha polisi na kuamuru Mayunga afunguliwe. Kwa mbali alimsikia Debora akipiga kigelegele. Kisha Mayunga akaomba kuzungumza na mzee, na Gaudiosa akampa Evaristi simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Nisamehe sana."

"Mzee, si ungeniambia? Ningekufungulia kabati mwenyewe."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Walipotoka nje, mwanamke mnene mwenye gauni jeupe la kazi alikuwa amesimama mbele ya gari. Kijijini habari haihitaji mkongo.

"Mnampeleka wapi mume wangu?"

"Sumbawanga, mama. Kesho anafikishwa mahakamani," Gaudiosa alijibu. "Kosa la kwanza, na mali imepatikana. Mimi nitaeleza yote niliyoyaona, lakini hukumu si yangu."

Marsiana alimtazama mumewe kuanzia viatu mpaka kichwani. "Umeiba?"

"Nimeiba."

"Kwa ajili ya kunipigia simu?"

"Ndiyo."

Alimpiga kofi jepesi begani, kisha akamshika mkono wa upande ule ule. "Nisubirini nimkabidhi mwenzangu zahanati. Nimeomba uhamisho mara nne, na likizo sijachukua miaka mitatu. Leo naichukua."

Hakuna askari aliyebisha. Waliketi wawili kiti cha nyuma, na gari likaanza kupanda mlima. Kilomita ya kumi ilipita, ya ishirini ikapita, na nyuma kulikuwa kimya kabisa.

"Sema basi kitu," Marsiana alisema hatimaye. "Mbona kwenye simu hunyamazi?"

"Kwenye simu nilikuwa nawahi kabla hujakatika," alijibu mzee Evaristi. "Leo sina haraka."