Kimio Hakina Kosa

Kila asubuhi, kabla ya shule, mimi Mize hufagia ua na kumimina maji ya kunywa mtungini. Hapa kisiwani Jibondo maji matamu huja kwa chombo cha baharini, na Bibi huyapima kwa kikombe. Ya kisima yana chumvi. Ukifulia, sare hukakamaa.

Nami napenda kumeremeta! Alhamisi, nilipotoka shule, Bibi alikuwa kwenye shamba la mwani. Mtungi ulikuwa umekauka. Nikachukua dumu la mwisho la maji matamu nikafulia sare yangu. Yakaisha yote.

Wakati wa kidonge ukafika. Nilikuwa na kidonda mguuni, na Nesi Clotilda wa zahanati alikuwa amenionya, "Meza kwa glasi nzima ya maji, na usilale hapo hapo." Maji yako wapi? Kuomba kwa jirani ni kujichongea. Nikameza kwa mate, nikajilaza mkekani.

Bibi aliporudi nikamwambia, "Dumu limevuja." Masikini, akaamini.

Jioni tonge la kwanza lilinichoma kifuani mpaka machozi yakanitoka. Hata kumeza mate ilikuwa adhabu.

"Kimio hicho kimeshuka," Bibi akasema. "Kesho mganga wetu, Mzee Muhidini, atakuja kukikata."

Lo! Wembe kwenye kinyama kinachoning'inia kooni mwangu! Nikisema kweli, uongo wa dumu utafichuka. Nikinyamaza, nitakatwa. Nilitamani kutoroka, lakini ningekimbilia wapi, na koo ninalo mwenyewe?

Asubuhi Mzee Muhidini akafika na wembe wake.

"Shikamoo, babu," nikasema kwa shida.

"Marahaba. Haya, fumbua kinywa. Ni mara moja tu."

Nikabana meno. Bibi akanishika kichwa, akageuza uso asione. Kumbe naye anaogopa! Hapo nikashindwa.

"Bibi, si kimio! Nilimeza kidonge bila maji! Na dumu halikuvuja, nilifulia sare!"

Mzee Muhidini akaufunga wembe kitambaani. "Basi hii si kazi yangu," akasema.

Bibi akanikokota hadi zahanati, akinisema njia nzima. Nesi Clotilda alinisikiliza, akanichungulia kooni.

"Kidonge kimenata njiani kikaunguza," akasema. "Bibi, kumeza kwa taabu kuna sababu nyingi: mafindofindo, mwiba wa samaki, vidonda. Kimio hakina kosa. Ukikikata, mtoto anaweza kutokwa damu nyingi, na maumivu yasiishe."

Akanipa dawa ya maji, akaniambia ninywe uji mwepesi na nirudi upesi maumivu yakizidi.

Baada ya siku chache nikala wali bila kulia. Bibi akanimiminia maji, kikombe pomoni.

"Maji yangu yaliniuma, sikufichi," akasema. "Lakini ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema. Maji yakimwagika, chombo kitaleta mengine. Koo lako lingeletwa na chombo gani?"

Nikanywa mpaka tone la mwisho, nimekaa wima.