Folda Isiyokuwa Kwenye Diski

"Asali imeiva," ilisema redio. "Chota."

Sikuzani Yahaya aliizima Motorola, akaificha kikapuni chini ya kanga. Ndiyo amri aliyokuwa akiisubiri kutoka Dar es Salaam. Kessler akamatwe. Akiwa hai.

Hilo la mwisho halikumpendeza.

Ulikuwa mwaka 1985. Kessler, mtaalamu wa kigeni, alikuwa amefunga kompyuta ya kupangia mabehewa katika ghala la tumbaku la kampuni yake, jirani na stesheni ya Tabora. Ndani yake alipachika programu ya siri. Kazi yake ilikuwa kubadili namba za mabehewa yenye pembe za ndovu, yafike bandarini bila kukaguliwa. Abasi, kaka yake Sikuzani, mlinzi wa reli pale Igalula, alifungua behewa moja akaona kilichomo. Watu wa Kessler walimtupa relini, garimoshi likampitia.

Sikuzani aliiomba kazi hii ya upelelezi mwenyewe. Kompyuta alisomea ng'ambo. Bastola ya Makarov alifundishwa hukohuko. Ghalani walimjua kama mpiga chapa.

Wakaguzi waliokuja kabla yake waliondoka mikono mitupu. Programu ya Kessler iliishi kwenye kumbukumbu ya mashine tu, haikuacha alama kwenye diski. Ikigundua kuna anayeichungulia, inajifuta.

Iligunduaje?

Sikuzani alihangaika sana kabla hajajua. Programu ile iliandikwa kwa mashine ya aina nyingine. Ili ijione iko kwao, Kessler aliiwekea folda isiyokuwa kwenye diski yoyote. Ukifungua faili la humo, mfumo unalitunga papo hapo: programu zipi zinafanya kazi, nani kaziwasha, zimeshika nini kwenye kumbukumbu. Programu ya Kessler ilipiga jicho humo kila mara, ikaamini kila ilichosoma.

Basi Sikuzani akaifundisha folda kusema uongo.

Siku hiyo Kessler alipotoka kunywa kahawa, Sikuzani aliketi kwenye kompyuta. Vidole vilikimbia. Folda ikaiambia programu kwamba hakuna mtu.

Programu ikatulia.

Akafungua faili la kumbukumbu yake, akasoma.

"Behewa la mwisho," alisema redioni. "Garimoshi limeshaondoka Tabora kitambo."

"Nimekupata," alijibu Inspekta Elieza, aliyekuwa amejibanza na askari wake Igalula.

Sikuzani hakuondoka. Angeweza, lakini alimtaka Kessler amkute pale.

Redio ilikoroma tena. "Limejaa pembe, dada. Tumewatia pingu watu wa Kessler wote."

Mlango ulifunguliwa. Kessler aliitazama kompyuta, kisha akamtazama mpiga chapa wake.

"Wewe ni nani?"

"Mdogo wake Abasi. Yule wa Igalula."

Sikuzani alimpa nafasi ya kukumbuka. Alipoona amekumbuka, moyo wake ulipoa kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mkono wa Kessler ukaingia ndani ya koti, ukatoka na bastola ya Walther.

Makarov ya Sikuzani ilibweka mara moja.

Kessler alianguka ameshika goti lililosagika. Sikuzani aliipiga teke ile Walther, akamfunga pingu kwenye mguu wa meza.

"Kessler yu hai?" aliuliza Elieza redioni.

"Yu hai."

"Mzima?"

"Hilo hawakuagiza."

Alitoka na kikapu chake, akashika njia ya mtaa wa Isevya. Bibi mmoja aliyekuwa akianika mpunga uani aliinua kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kimelia nini huko?"

"Tairi, bibi," alisema Sikuzani, akaendelea na safari yake.