Hatukumhesabu Atieno

Nina miaka arobaini na sita. Nauza samaki wa kukaanga hapa Manyatta, Kisumu, na kila pikipiki ikipiga honi mimi hushtuka. Wateja hunicheka. Wacheke tu... hawajui honi ilinifanyia nini.

Mdogo wangu Atieno alikuwa kiziwi tangu surua ilipomshika utotoni. Lakini kazi ya kanisa hakuikosa! Kwenye matanga, wenye sauti nzuri waliimba, yeye akaosha sufuria.

Mwaka jana sisi wa kanisa tulikwenda kwa lori kuzika upande wa Seme, kando ya ziwa, mbele ya Kombewa. Jua lilipoanza kushuka, dereva wa lori akapiga honi. Ndiyo iliyokuwa desturi yetu: honi ikilia, panda. Goti langu ni bovu, kwa hiyo niliketi mbele na dereva. Nikamwomba Mama Risper, kiongozi wetu, ahesabu watu kwanza.

Alinikazia macho. "Mama, watu si ng'ombe! Ukihesabu watu, kifo inasikia."

Nami nililelewa hivyo hivyo. Mama yetu hakukubali kabisa kutaja idadi ya watoto wake. Nikafunga mlango wa lori. Lori likaondoka, wenzangu wakiimba. Kumbe Atieno alikuwa ziwani amepiga magoti, anasugua sufuria ya mwisho kwa mchanga!

Tuliposhusha vyombo Kisumu, sufuria kubwa haikuwepo. Wallahi nisingeamini... sufuria ndiyo iliyoulizwa kwanza! Hapo ndipo nikaanza kumwita dada yangu huku na huku, nimesahau kabisa kwamba hasikii.

Nililia lori ligeuzwe. Pasta akanishika bega. "Mama, si wengine wote wamefika? Sasa turudishe lori mzima juu ya mtu mmoja? Atalala kwa wenye matanga, kesho tutamchukua."

Hakulala. Alishika barabara kutufuata kwa miguu, sufuria kichwani. Gari likamjia kwa nyuma. Dereva wake alinieleza baadaye, akilia, kwamba alipiga honi... akapiga tena... na yule mwanamke hakusogea. Honi! Kwa Atieno! Alikata roho hospitalini Kombewa kabla sijafika.

Jumapili moja baada ya kumzika, Pasta alihubiri juu ya mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamtafuta mmoja. Watu wakaitikia amina. Uchungu ukanipanda, nikasimama nikauliza: huyo mchungaji alijuaje kwamba mmoja hayupo? Si alihesabu? Mama Risper akajifunika uso kwa leso.

Wasomaji wenzangu, pengine kwenu pia kuhesabu watu ni mwiko. Sawa, msihesabu. Iteni majina! Msiondoke mpaka mmemwona kila mtu kwa macho, na mwanze na yule anayeosha vyombo. Nawasihi, msiseme kamwe "ni mmoja tu". Huyo mmoja nilikuwa nikimbeba mgongoni.

Siku hizi lori letu haliondoki kabla sijaita majina. Wote wakishaitika, huita la Atieno mwisho. Hata angekuwepo asingesikia, najua. Dereva hungoja kidogo... kisha huwasha injini bila kupiga honi.