Fasili Zilizofutwa Bila Tahadhari

Harufu ya nywele zinazoungua ilianza pale tu alipofuta fasili ya mwisho. Kazini walimbandika jina la Fagio, kwa kuwa yeye ndiye aliyesafisha msimbo wa lugha ya kompyuta waliyoitunza: fasili za kale za maneno ya lugha hiyo ambazo hazikuitwa tena na programu yoyote, alizifagilia mbali. Feni ya kompyuta yake ikaanza kulia, na haukuwa mvumo, kilikuwa kilio cha mwanamke aliyefiwa.

"Ulitoa tahadhari kwanza, dada?" mkaguzi wa kazi yake akanong'ona. Utaratibu wao ulijulikana: fasili huwekewa onyo, "imepitwa na wakati, tumia mpya", kisha toleo zima la lugha hupita ndipo ifutwe.

"Nimsubiri nani? Kwani humo anakaa mtu?"

Maringo hayo! Mdomo huponza kichwa. Skrini ikajiandika yenyewe: WANANGU WALIKAA HUMO.

"Jini hilo! Rudisha, dada, nakuomba," mkaguzi alisema.

Akarudisha kila mstari. Kilio hakikukoma. Nyumba za wana wa jini zilirudi, waliokufa ndani yake hawakurudi. Kisha chini kabisa ukatokea mstari ambao hakuuandika mtu: MAMA: IMEPITWA NA WAKATI. TUMIA MPYA.

Fagio alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka mitatu, aliyemwacha nyumbani na yaya. Alitoka mguu niponye, jua la mchana likimchoma utosini, akipiga simu ambayo yaya hakuipokea, na kadiri alivyoikaribia nyumba ndivyo harufu ile ya nywele ilivyozidi, ngazini, koridoni, hadi kwenye mlango wake uliokuwa wazi.

Yaya alikuwa amejikunyata pembeni, macho yamemtoka. Sakafuni alikaa mwanamke mwenye gauni la Fagio na sura ya Fagio, nywele zimeungua upande mmoja, akimlisha mtoto uji.

Mtoto akaangua kilio, akajificha kifuani mwa yule mwanamke. "Mama, naogopa! Nani yule?"

"Mwanangu, ni mimi!" Fagio akalia. "Mimi ndiye mama yako!"

"Wanangu hukuwapa hata onyo," jini likamwambia kwa upole. "Mimi nilikupa." Likamfuta mtoto machozi. "Hakuna mtu pale, mwanangu. Tazama."

Mtoto akageuka, akautazama mlango mtupu mpaka akaridhika, kisha akafungua kinywa apewe kijiko kingine.