Pawasaplai ya Wati Mia Tatu

Kompyuta iliwaka, na balaa lilianzia hapo, maana haikupaswa kuwaka.

Nilza, fundi kompyuta wa Rahaleo, alilijua hilo vizuri. Madabodi, bodi kuu ya kompyuta ya mumewe Valdemar, ilikuwa na tundu la pini nane la kulisha umeme prosesa, ubongo wa mashine. Pawasaplai kuukuu ya kuigawia umeme, aliyoiokota stoo, ilikuwa na waya wa pini nne tu. Wati mia tatu, na bodi inataka mia tano na ushee. Fundi mzima! Lakini Valdemar alikuwa na kadi za harusi za kuchapa, pawasaplai mpya haijafika, basi Nilza akachomeka hivyo hivyo, akaipapasa bodi kwa masihara.

"Haya mama, kula hicho hicho. Ukipungukiwa, nitakuongezea mwenyewe."

Ikafanya kazi siku tatu bila kuzima. Siku ya nne Valdemar akashindwa kushika kikombe, akalazwa mkekani.

Chumba kikanukia udi, na nyumba ile haikuwa na udi. Saa sita mchana Nilza akachomoa waya wa kompyuta ukutani, feni ya pawasaplai ikaendelea kuzunguka, ikivuta hewa kila mumewe alipovuta pumzi, ikishusha kila aliposhusha, na alipozidi kutazama akagundua kwamba Valdemar ndiye anayeifuata feni, na feni ilikuwa inapunguza mwendo.

Akamleta Bi Zuhura, mganga wa mtaa wa pili. Bibi aliinama akaisikiliza mashine, asiiguse.

"Mwanangu," alinong'ona, "jini huyu amealikwa. Ulimwahidi nini?"

"Nilitania tu, bibi. Nilisema akipungukiwa nitamwongezea mwenyewe."

Bibi akajishika mdomo. "Na mashine hii, mwenyewe nani?"

Nilza akageuka kumtazama mumewe. Kwa "mwenyewe" yeye alimaanisha nafsi yake. Jini lilisikia mwenye mali.

"Mtoe, bibi!"

"Hatoki huyu. Kashaahidiwa."

Nilza alimpenda Valdemar, na hofu ya kumkosa ikaizidi hofu ya jini. Akapiga magoti mkekani.

"Baba, nipe ile mashine. Iwe yangu."

"Chukua," Valdemar akajibu, hata hakuuliza kwa nini.

Nilza akaweka kiganja juu ya bodi. "Umesikia? Mwenyewe ni mimi."

Feni ikasita, kisha ikaongeza kasi. Bi Zuhura akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Nilza!" Valdemar aliita, ameshakaa kitako, sauti nzima kabisa. "Njaa inaniuma, mke wangu. Uji upo?"

Nilza alitaka kumjibu, lakini kwanza ilimbidi aisubiri feni.