Nyuzijoto Saba

"Sakiti hii umeichora mwenyewe, Laurenti?"

"Mwenyewe, mzee. Miezi minane."

Tulikuwa Ngamiani, katika duka la ala za muziki la Mzee Himyar, nami nilikuwa nimeketi ubavuni mwa Laurenti, mchumba wangu. Ndoa ilikuwa imebakiza wiki tano. Miezi hiyo minane ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekaa kwangu Chumbageni mbele ya kompyuta, ndani ya programu inayoiga sakiti za umeme, nikijaribu rezista za kupunguza umeme moja baada ya nyingine hadi nikapata pedali, kisanduku kinachokanyagwa kubadili sauti, yenye mkwaruzo ambao gitaa lake liliutamani. Yeye alikuja jioni, akasikiliza, akala, akaondoka.

Nilidhani atajirekebisha.

"Nikiipenda," akasema Mzee Himyar, "natengeneza pedali mia, na jina lako juu ya kila kasha."

Laurenti akakanyaga pedali, akapiga. Mwanzoni ilikwaruza vizuri. Lakini ilikuwa saa saba mchana na bati la duka lilikuwa linachoma. Kabla wimbo haujafika katikati, sauti ikaanza kukatika.

"Mbona inakohoa? Imeshikwa na mafua?"

"Labda waya, mzee."

Nikaivuta kompyuta yangu niliyokuja nayo. Mahali nilipoandika nyuzijoto thelathini na nne, palisomeka ishirini na saba. Rezista mbili nazo zilikuwa zimebadilishwa, kwenye mchoro na ndani ya pedali.

"Nani amegusa hapa?"

"Nilisahihisha kosa lako," akaninong'oneza. "Programu yenyewe ikifunguka huonyesha ishirini na saba."

"Hiyo ni hali ya hewa ya waliotunga programu. Transista hizi tumezitoa kwenye redio kuukuu. Zikipata joto huvujisha umeme. Nilipima joto la ukumbi mnaopigia, Laurenti, siku kumi na moja mfululizo."

"Punguza sauti, Leti."

Mzee Himyar alikwisha kusikia.

"Binti, wewe ni nani katika kazi hii?"

"Muulize yeye, mzee."

Laurenti akacheka kidogo. "Mchumba wangu huyu. Alinisaidia kuchapa."

Kuchapa. Nikarudisha thelathini na nne, nikaomba kifaa cha kulehemu, nikazing'oa zile rezista mbili na kuweka za kwangu. Safari hii Mzee Himyar alilichukua gitaa mwenyewe, akapiga wimbo mzima, kisha wa pili, jasho likimtiririka. Pedali haikukohoa.

"Jina lako kamili?" akaniuliza, kalamu mkononi.

Nikamtajia. Laurenti akatoka bila kuaga.

Sijafika nyumbani, ujumbe ukaingia: "Umeniaibisha. Mke hafanyi hivyo."

Nikaandika: "Mpigie Mzee Himyar umweleze ukweli kwa kinywa chako. Tutayamaliza."

Akanipigia mimi.

"Leti, sisi si kitu kimoja? Baada ya wiki tano jina langu si litakuwa lako?"

"Kama ni kitu kimoja, kwa nini hukutaja langu?"

"Leti, nielewe."

"Nakusikiliza, Laurenti."

"Watu watanicheka. Mpiga gitaa gani anaundiwa pedali na mwanamke?"

"Kwa hiyo hutampigia?"

"Niombe kingine chochote."

"Sina kingine."

Nikakata simu. Sikuwa na huzuni, nilikuwa na ghadhabu: mtu aliyekula chakula changu akitazama ninavyofanya kazi alikuwa ameniona mchapaji. Nikampigia mshenga wao, Baba Devota, mtu mpole wa Makorora.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Maandalizi yanaendaje?"

"Naomba barua ya posa irudi kwao."

Akavuta pumzi. "Makubwa. Kuna mwanamke mwingine?"

"Hapana, baba. Mwanamke ni mmoja tu, naye hakutajwa."